Kuzuia mafuriko mlangoni: viroba, mbao za reli, fremu ya jeki au geti linaloinuka lenyewe?

Chukua rula ndefu iliyonyooka, ile ya fundi wa plasta, uilaze sakafuni kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi mwingine. Mwombe mtu awashe tochi ya simu upande wa pili, kisha piga magoti utazame. Mwanga unapopenya chini ya rula, hapo hapo maji yatapita siku ya mafuriko, hata ukiweka kizuizi cha gharama gani.

Watu wengi wanaotafuta kizuizi cha mlangoni huanza kwa kuuliza kimetengenezwa kwa alumini au plastiki, na kina urefu wa kwenda juu kiasi gani. Nimesimamia majengo kwa miaka, nimefunga na kufungua karibu aina zote nitakazozitaja, na siku hizi huanza na maswali mawili tu: sakafu ya hapo mlangoni ikoje, na nani atakuwepo kukifunga maji yakija saa tisa usiku. Ulinganisho huu wote nimeujenga juu ya maswali hayo.

Nazungumzia vizuizi vya kuweka na kuondoa, vile ambavyo siku za kawaida hukai navyo mlangoni. Nimemwongeza mgeni mmoja asiyeondolewa, geti la kujiinua, kwa sababu ukifika hatua ya kununua utamkuta kwenye orodha ileile na itabidi uamue.

Maji yanasukuma kiasi gani

Mlango wa upana wa mita 1, maji yakiwa yametulia kwa kina cha sentimita 30, kizuizi kinabeba msukumo wa karibu kilo 45. Mtu mmoja mzima anaweza kuushikilia kwa mgongo. Kina kikifika sentimita 60, msukumo si kilo 90 bali 180. Kikifika mita 1 ni karibu kilo 500. Kina kikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Hapo bado hujahesabu gari lililopita barabarani likasukuma wimbi, wala gogo linaloelea.

Ndiyo maana kizuizi kirefu zaidi si lazima kiwe bora zaidi. Kizuizi kikisimama imara, mzigo uleule unaubeba pia ukuta uliokishikilia, na ukuta wa tofali haukujengwa uwe bwawa. Miongozo ya Uingereza inasema maji yakizidi sentimita 60 nje ya nyumba ya kawaida, ni salama zaidi kuyaacha yaingie ndani ili yasawazishe msukumo kuliko kuendelea kuyazuia hadi ukuta upasuke. Ya Marekani huweka mpaka kwenye takriban futi 3, yaani sentimita 90. Muuzaji akikusifia bamba la mita 1 na nusu kwa ajili ya nyumba ya tofali, muulize kwanza kuhusu ukuta. Majengo ya zege lililosukwa nondo ni habari nyingine, na hapo mhandisi ndiye wa kukwambia kikomo.

Viroba vya mchanga: vinadharauliwa, na pengine vinasifiwa kupita kiasi

Niseme wazi kwamba kiroba cha mchanga hakizuii maji. Kinayapunguza kasi, kinachuja tope na kinakupa muda. Anayepanga safu moja ya viroba mlangoni halafu akaenda kulala ataamkia maji yenye rangi ya chai.

Sehemu kubwa ya lawama, hata hivyo, ni ya wapangaji. Kiroba hujazwa nusu, au sana sana theluthi mbili. Ukikijaza pomoni na kukifunga kama mfuko wa mahindi kinakuwa duara gumu, na kati ya duara mbili kuna tundu la kupitisha mkono. Kilichojaa nusu hulala, kikajibana na mwenzake. Mdomo hukunjwa chini na kukandamizwa na kiroba kinachofuata. Safu ya juu hukaa kwenye maungio ya safu ya chini, kama tofali, na kila safu hukanyagwa kwa miguu. Kisha karatasi nzito ya plastiki hutandazwa upande wa maji, ikaanzia sakafuni mbele ya viroba na kupanda ukutani pande zote mbili, na viroba vingine huilalia pembeni isipeperuke. Plastiki ndiyo inayozuia maji. Mchanga kazi yake ni kuishikilia.

Shida ni ukubwa. Ukuta wa viroba unaosimama wenyewe huhitaji kitako chenye upana kama mara tatu ya kimo chake. Kwa kimo cha sentimita 60 utahitaji karibu mita 1 na sentimita 80 za nafasi mbele ya mlango, na viroba kwa makumi, kila kimoja kikiwa na uzito wa kilo 15 hadi 20. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja mvua ikiwa imeshaanza.

Bado kuna mahali ambapo viroba huvishinda vizuizi vyote vya kiwandani: mlango wenye sakafu mbovu. Kizingiti kilichomeguka, kokoto, ngazi ya mawe yaliyochakaa, au uwazi usio na miimo ya maana. Rula yako ikiwa ilionyesha mwanga kila upande, alumini haitakusaidia mpaka sakafu itengenezwe, na viroba ndivyo vitakavyokufaa kwa sasa.

Vipo pia vifuko vyepesi vyenye chembechembe za jeli, zinazonyonya maji na kuvimba. Vikavu, kumi vinaingia kwenye begi moja, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu mzima asiyeweza kubeba mchanga. Lakini vina dosari mbili. Ya kwanza, maji ya chumvi huvifanya vivimbe kidogo sana, kwa hiyo anayeishi pwani asivitegemee. Ya pili hutaiona kwenye matangazo: kifuko kilichovimba ni maji kwa sehemu kubwa, na maji ndani ya maji hayana uzito. Kina kikipanda, kifuko hubaki kama kinaelea, wakati mchanga bado unakandamiza chini. Navitumia kwa maji ya kifundo cha mguu, basi.

Na viroba vya mchanga vilivyokwisha kugusa mafuriko huhesabiwa kuwa taka. Maji hayo yamepita kwenye vyoo na mitaro. Usimwage mchanga ule watoto wanapochezea.

Mbao za reli

Huu ndio mfumo ambao watu wengi wakisikia "kizuizi cha mafuriko" huuona akilini. Reli mbili za chuma au alumini hufungwa kwa boliti kwenye miimo, moja kila upande, na hubaki hapo daima. Siku ya hatari unateremsha mbao za alumini moja juu ya nyingine. Kila ubao una mpira chini yake, na wa chini kabisa una mpira mnene zaidi wa kulala sakafuni. Mwisho unakaza vibanio vya juu ili mbao zote zibanane kuelekea chini.

Faida yake ni kwamba unafunga kimo unachohitaji tu, kila kipande kinabebeka na mtu mmoja, na uwazi mpana hauutishi mfumo. Kwa mlango wa gereji au mbele ya duka huongezwa nguzo ya kati inayofungwa kwenye bamba lililozikwa sakafuni. Miji ya Ulaya ya kando ya mito ya Danube na Rhine hujikinga kwa mfumo huuhuu, ila nguzo zao ni ndefu na zimepangwa kwa mamia ya mita.

Ubaya wake ni maungio mengi. Mbao tano zina mistari mitano ya mpira pamoja na reli mbili, na kila mstari ni nafasi ya kokoto moja kujificha. Kuna pia suala la mpangilio. Kwenye jengo moja tulikuwa na mbao tano zilizofanana kwa macho. Aliyefunga usiku ule, mtu makini tu, alianza na ule uliokuwa juu ya rundo. Ubao wenye mpira mnene ukaishia wa tatu. Kizuizi kilisimama, kinapendeza kabisa, na maji yakawa yanapita chini yake bila kusitasita. Tangu siku hiyo kila ubao una namba kubwa ya rangi nyekundu upande wa ndani na mshale wa juu, na namba 1 ndio huwekwa juu ya rundo ghalani.

Vifuniko vya reli navyo ni vya kuangalia. Reli iliyoachwa wazi hujaa vumbi, utando wa buibui na vijiti vya ice cream. Usafishe kwa mswaki wa zamani kila baada ya miezi michache, la sivyo ubao wa kwanza utagoma katikati.

Bamba moja la kubana

Hili ni binamu wa mbao za reli: badala ya vipande vitano kuna bamba moja, linalokandamizwa kwenye fremu kwa skrubu za mkono au vibanio. Mpira wake ni mmoja tu, unapita chini na kupanda pande mbili kama herufi U. Maungio ni machache, uvujaji ni mdogo, na kufunga kunachukua dakika chache. Kwa mlango wa kawaida wa kuingilia watu, wenye sakafu nzuri, mimi huchagua hili kabla ya mbao. Kwa uwazi unaozidi mita 1 na nusu hivi bamba huwa kubwa na zito, na hapo mbao hurudi kuwa bora.

Venice, jiji la Italia lililo juu ya maji, wamelizoea kiasi cha kulisahau. Milango mingi ya chini ina mifereji miwili pembeni, na bahari ikipanda mwenye duka huteremsha bamba linalofika magotini. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 kwenye kipimo cha jiji, kipimo kinachoanzia alama ya bahari ya zamani, si barabarani, na bamba la magotini haliwezi kujibu maji ya namna hiyo. Lakini mwenye duka la Venice ana kitu kingine ambacho wanunuzi wengi hawakifikirii: pampu ndogo ndani, nyuma ya bamba. Anajua maji yatatoka chini ya sakafu hata mlango ukiwa mkavu.

Fremu ya jeki, isiyohitaji kutoboa

Fremu ya chuma inayotanuka, iliyovalishwa soksi nene ya mpira. Unaiweka katikati ya mlango, unazungusha spana, fremu inatanuka kushoto na kulia hadi ibane miimo, kisha unakaza ya chini mpira ukandamize kizingiti. Hakuna reli wala boliti ukutani. Maji yakiondoka unaikunja na mlango unabaki kama ulivyokuwa.

Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, au kwa jengo la kihistoria lisiloruhusiwa kuguswa, mara nyingi hili ndilo jibu. Na kwa sababu mpira wake ni laini na mnene, husamehe kasoro ndogo za sakafu kuliko bamba la kubana.

Ila lina hasira zake. Jeki inasukuma miimo kwenda nje, na mwimo wa plasta iliyoachana na tofali utabomoka mbele ya macho yako. Miimo ya plastiki nayo hupinda. Kabla ya kununua, gonga miimo kwa kifundo cha kidole kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Sauti ya kopo maana yake plasta imeachana na ukuta. Pia upana wake una mwisho: lilitengenezwa kwa mlango wa mtu mmoja. Ukiona muuzaji anaunganisha mawili na nguzo katikati, ile nguzo ndiyo ya kuikagua, si fremu.

Vizuizi vya umbo la L

Hivi ni vipande vya plastiki ngumu vinavyounganishwa kimoja kwa kingine, kisigino kikielekea kwenye maji. Maji yenyewe yakipanda juu ya kisigino hukikandamiza, kizuizi kikakaa kwa uzito wa adui yake. Ni werevu, na ni vyepesi ajabu. Vinafaa kukinga eneo pana la lami au zege tambarare mbele ya jengo. Mlangoni penyewe sivipendi, kwa sababu ncha mbili zinazokutana na ukuta ndizo zinazovuja, na kabla maji hayajafika upepo wa dhoruba unaweza kuvibeba.

Geti linaloinuka lenyewe

Limelala kwenye shimo sakafuni, watu na magari wanapita juu. Maji yakiingia shimoni, geti huelea na kusimama. Halingoji umeme wala mtu. Kwa lango la maegesho ya chini ya ardhi, kwa jengo lisilo na mlinzi usiku, kwa mahali ambapo mvua ya nusu saa inatosha kufurika, sioni mbadala wa kweli.

Ni ghali kuliko vyote na sakafu lazima ichimbwe. Na uangalizi hauishi: shimo hukusanya mchanga, majani na vizibo vya chupa, na geti lililokwama robo ya njia ni baya kuliko kutokuwa na geti, maana ulikwisha kulala kwa kuliamini. Weka siku ya kulinyanyua kwa mkono na kufagia chini yake, uiandike ukutani.

Je, una muda gani?

Ukiondoa sakafu, hiki ndicho kinachoamua. Mto mkubwa unaofurika polepole hutoa tahadhari ya siku nzima au zaidi, na hapo karibu kila aina inawezekana, hata viroba. Mtaro wa mjini unaofurika baada ya mvua kali unakupa dakika. Katika dakika hizo mbao za reli zinakufaa tu ikiwa zimehifadhiwa hatua chache kutoka mlangoni. Zikiwa ghala la nyuma chini ya makopo ya rangi, ufunguo uko kwa mtu aliye likizo, jihesabu huna kizuizi.

Fanya zoezi. Mpe mtu asiyewahi kukifunga, mzimie taa, umwachie tochi, upime kwa saa. Muda utakaoupata, uongeze mara mbili kwa ajili ya mvua na woga, ndio muda wako halisi. Nimewahi kuona dakika saba za kwenye karatasi zikawa arobaini, ishirini kati ya hizo zikiwa za kutafuta spana. Siku hizi spana tunaifunga kwa mnyororo kwenye bamba lenyewe.

Kabla ya kulipa

Omba cheti cha majaribio. Uingereza wana kiwango cha BS 851188, Marekani ANSI/FM 2510. Kizuizi hufungwa kwenye bwawa la majaribio na kuwekewa maji, kikapimwa kinavyostahimili na kinavyovuja. Usishtuke kusikia kinaruhusiwa kuvuja kidogo, kila kizuizi huvuja. Anayekuahidi kisichopitisha hata tone hajakisimamia usiku. Hakikisha pia cheti ni cha upana na kimo unavyonunua wewe, si cha ndugu yake mfupi.

Kisha zunguka jengo. Matundu ya hewa chini ya ukuta, mabomba yanapoingilia, nyaya, na hasa mifereji ya ndani. Mtaro wa nje ukijaa, maji hurudi kupitia tundu la sakafu ya bafu na choo, na utajikuta umeyafungia ndani kwa kizuizi kizuri sana. Valvu ya njia moja kwenye bomba la maji machafu ni sehemu ya kizuizi cha mlangoni, hata kama inauzwa duka jingine.

Halafu uulize watu watatokaje. Kizuizi cha kiuno mlangoni hakivukwi na bibi, na mlango wa dharura uliozibwa si wa dharura tena. Agosti 2022 jijini Seoul, watu watatu wa familia moja walifia kwenye nyumba ambayo nusu yake iko chini ya ardhi, mlango ukiwa umekandamizwa na maji ya nje. Baada ya hapo jiji liliendeleza vibamba vya maji pamoja na nondo za dirisha zinazofunguka kwa ndani, na ni hiyo "pamoja" ninayotaka uione. Anayelala chini ya usawa wa barabara anahitaji njia ya pili ya kutokea kabla ya kuhitaji kizuizi.

Ningechagua nini

Mlango wa kawaida, sakafu ya zege au marumaru isiyo na mistari mipana, mtu yupo nyumbani: bamba moja la kubana. Nyumba ya kupanga yenye miimo imara: fremu ya jeki. Uwazi mpana, tahadhari ya saa kadhaa na watu wawili waliofundishwa: mbao za reli. Maegesho ya chini na usiku hakuna mtu: geti la kujiinua, ukubali gharama. Sakafu mbovu na fedha kidogo: plastiki na viroba kwa msimu huu, huku ukitengeneza kizingiti. Ukanda wa zege laini wa upana wa shibiri moja, uliosawazishwa kwa pimamaji kutoka mwimo hadi mwimo, utakupa nafasi ya kuchagua chochote mwaka ujao.

Mpira nao usiusahau. Hifadhi mbali na jua na panya, usiweke mzigo juu yake ukabonyea. Mwingi ni wa EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, ambao huvimba na kulegea ukiguswa na mafuta ya petroli, kwa hiyo usiupake grisi ya gari ili "uteleze". Maji ya sabuni yanatosha, au dawa ya kupuliza ya silikoni.

Siku ya kukifunga kwa mara ya kwanza, usingoje mafuriko. Jenga ukingo mdogo wa viroba vichache na plastiki mbele ya kizuizi, jaza maji kwa mpira wa bustani hadi kimo cha kifundo, ukae ndani na chaki. Kila unapoona unyevu, chora duara. Kwa kawaida maduara mawili ya kwanza huwa kwenye pembe za chini, kushoto na kulia, pale mpira unapokunja kona.